Albamu Zangu Bora za Mwaka Hadi Sasa (Mwaka Wenyewe ni 1971)

Kila mwezi wa saba mtandao hujaa listi za albamu bora za mwaka hadi sasa. Za mwaka huu nimezisoma, nimebishana na wasee kuzihusu, nimechoka. Kwa hivyo yangu ni ya mwaka mwingine. Tujifanye ni katikati ya Julai 1971. Hakuna Spotify, hakuna YouTube. Muziki ni santuri, ile sahani nyeusi yenye upande wa kwanza na upande wa pili, dakika ishirini hivi kila upande, na ukitaka kuruka ngoma lazima utoke kitini uende uinue sindano kwa mkono. Listi inafungwa hapo. Led Zeppelin IV itatoka Novemba, haihesabiwi. Imagine ya John Lennon ni Septemba. Hunky Dory ya David Bowie ni Desemba. Hata ukilia, hazimo.

Kwa nini 1971? Wazee wa roki wakianza kubishana kuhusu mwaka bora, huu hautoki mdomoni mwao, na kwa mara moja wazee wako sawa. Lakini wao huongea juu ya magitaa. Mimi nilipoanza kuchimba, nilichoona ni kwamba karibu kila albamu niliyoipenda ya ile nusu mwaka ilitengenezwa na mtu ambaye alikuwa ameshapangiwa mahali pa kukaa. Wewe andikia wengine nyimbo, usiimbe. Wewe imba mapenzi, usiguse vita. Wewe rudi kiwandani. Na unajua mtu anayefanya muziki hapa Nairobi leo anaambiwa nini: albamu nani ataskiza, toa ngoma moja, katakata sekunde kumi na tano za TikTok, ukishika ndio uongee. Si maneno mapya hayo. Miaka ya sitini kampuni zilikuwa zinasema vilevile kuhusu santuri ndogo ya ngoma moja kila upande. Albamu ndefu mara nyingi ilikuwa hit mbili na vijazo.

Tuanze Januari, na tuanze na maiti, maana ndivyo mwaka ulivyoanza. Pearl ya Janis Joplin ilitoka Januari 11. Janis mwenyewe alikuwa amefariki Oktoba 4, 1970, heroini, akiwa na miaka 27, katikati ya kurekodi. Ukiiskiza utafika mahali pa ngoma inaitwa "Buried Alive in the Blues" na utashangaa sauti yake iko wapi. Haiko. Bendi ilikuwa imemaliza sehemu yake, yeye alikuwa aingize sauti, akafa kabla. Wakaiacha hivyo, vyombo vitupu. Kuna ngoma nyingine, "Mercedes Benz", ambayo ni kinyume chake: sauti tupu, hakuna chombo hata kimoja. Nimejaribu kuziskiza zikifuatana na sikupenda ilivyonifanya. Albamu ilikaa namba moja Marekani wiki tisa, na ngoma yake "Me and Bobby McGee" ikawa namba moja pia. Kris Kristofferson, aliyeiandika, hakujua Janis ameirekodi hadi alipochezewa baada ya kifo.

Prodyuza wa Pearl alikuwa Paul Rothchild. Huyohuyo ndiye alikuwa prodyuza wa The Doors tangu mwanzo wao, na walipomchezea ngoma za albamu yao mpya aliziona hazina maana, akaondoka. Basi The Doors wakarekodi wenyewe na injinia wao Bruce Botnick, ndani ya chumba chao cha mazoezi huko Los Angeles, si studio ya maana. Jim Morrison aliimba akiwa bafuni kwa sababu mwangwi wa pale ulikuwa poa. Ndio L.A. Woman, Aprili 1971. Kila msee anayerekodi kwa chumba cha kulala akiwa amefunika kichwa na blanketi ajue yuko kwenye ukoo mzuri. Ilipotoka Jim alikuwa ameshahamia Paris. Julai 3 alikutwa amekufa huko, miaka 27. Jimi Hendrix naye alikuwa ameenda Septemba 1970, miaka 27, na albamu yake ya kwanza ya baada ya kifo, The Cry of Love, ilitoka Machi. Watatu kwa miezi kumi. Watu wa Julai 1971 hawakuwa wanaita hiyo klabu ya chochote, hayo majina ya kuvutia yalikuja baadaye. Kwao ilikuwa tu matanga juu ya matanga.

Aprili pia ndio Rolling Stones walitoa Sticky Fingers, na hata kama hujawahi kuskiza hao wazee unawajua, kwa sababu umevaa ule ulimi. Ile tisheti ya mdomo mwekundu umetoa ulimi, ya mitumba, ya Gikosh ama Toi? Huo ulimi ulitumika mara ya kwanza kwa albamu hii. Aliyeuchora ni mwanafunzi wa sanaa London, John Pasche, na malipo yake ya kwanza yalikuwa pauni 50. Kava yenyewe ilikuwa wazo la Andy Warhol: picha ya suruali ya jinsi yenye zipu ya kweli, ya chuma, unaweza kuishusha. Noma ikawa kwamba santuri zikipangwa juu ya nyingine, zipu inakwaruza ya jirani. Suluhisho? Zipu zikashushwa hadi katikati kabla ya kusafirishwa, ili chuma igonge ile karatasi ya katikati ya sahani ambapo hakuna muziki.

Lakini stori inayonihusu mimi hapo ni ya pesa. Hii ilikuwa albamu yao ya kwanza kwenye lebo yao wenyewe. Wakati wanatoka kwa lebo ya zamani na kwa meneja wao Allen Klein, waligundua kwamba haki za karibu kila walichorekodi miaka ya sitini zilikuwa mikononi mwa kampuni ya Klein. Na juu ya hapo walikuwa na deni la kodi, hadi wakahama Uingereza kwenda Ufaransa. Kwa hivyo unapoona ule ulimi kama ishara ya ubishi wa ujana, kumbuka ni nembo ya biashara ya watu walioumizwa na karatasi walizosaini. Na usiwaonee huruma sana. Kwenye albamu hiyohiyo kuna "Sister Morphine", ambayo Marianne Faithfull aliandika maneno yake, na jina lake halikuwekwa. Lilikuja kurudishwa miaka mingi baadaye. Aliyelia ameibiwa naye ana la kujibu. "Brown Sugar", hit kubwa ya albamu, inacheza na stori ya utumwa kwa njia ambayo leo inakera, na wao wenyewe walifika mahali wakaacha kuipiga jukwaani mwaka 2021. Magitaa ni matamu. Naiweka kwenye listi, chini kidogo.

Sasa tuingie kwa mtu ninayempenda.

Bill Withers alizaliwa 1938 Slab Fork, West Virginia, sehemu ya machimbo ya makaa ya mawe. Alikuwa na kigugumizi. Akakaa jeshi la majini miaka tisa. Akaenda Los Angeles, akapata kazi kiwandani akitengeneza vyoo vya ndege. Vyoo, wasee. Akawa anaweka pesa kidogo kidogo ya kurekodi majaribio. Albamu yake ya kwanza, Just As I Am, ilitoka Mei 1971, akiwa na miaka 32, umri ambao hapa kwetu ukisema unaanza muziki mashangazi wanakuitia maombi. Prodyuza ni Booker T. Jones. Angalia kava: jamaa amesimama kando ya ukuta, anatabasamu, ameshika boksi la chakula cha mchana. Si pozi. Picha ilipigwa pale kazini wakati wa mapumziko ya mchana. Alikuwa bado hajaacha kibarua, kwa sababu aliona huu muziki unaweza kuisha kesho na choo cha ndege kitahitajika tu.

Ndani yake kuna "Ain't No Sunshine". Hata nyanya yako anaijua. Ni dakika mbili na sekunde chache. Pale katikati anarudia maneno mawili yaleyale mara 26, na ukweli ni kwamba alikuwa bado hajaandika ubeti wa pale. Aliweka yale maneno kushika nafasi, aje aandike kitu cha maana baadaye. Wale wanamuziki wenye uzoefu waliokuwa studio wakamwambia aache hivyo. Akaacha. Halafu kampuni ikaiweka upande wa pili wa santuri ndogo, upande wa kwanza ukawa wa ngoma nyingine, "Harlem". Madijei wa redio wakageuza santuri wenyewe. Hiyo ndiyo tuliyonayo leo. Withers aliendelea hadi 1985, akachoka na wakubwa wa kampuni kumwambia muziki wa mtu mweusi unafaa kuwa vipi, akaacha kurekodi na hakurudi. Alikufa Machi 2020. Kati ya watu wote wa listi hii ndiye pekee ninayeamini aliondoka na amani yake.

Na kwa vile tuko kwa maisha ya watu, niseme hivi haraka: hii listi imejaa walioacha chuo. Mick Jagger aliacha London School of Economics. Joni Mitchell, nitamfikia, aliacha chuo cha sanaa Calgary. Nick Drake aliacha Cambridge miezi michache tu kabla ya kumaliza. Mathe, kama unasoma hii, sisemi kitu, nataja tu historia. (Ila Nick Drake si mfano wa kumwonyesha mzazi. Bryter Layter yake ya Machi 1971 ni nzuri kupita kiasi, ina filimbi na fidla na gitaa linalotiririka kama maji, na karibu hakuna aliyeinunua. Alifariki 1974 akiwa na miaka 26. Dunia ilimjua vizuri mwaka 1999 wimbo wake mwingine ulipowekwa kwenye tangazo la gari.)

Detroit sasa. Hapa nitakaa.

Motown ilikuwa lebo ya Berry Gordy, na Gordy kabla ya muziki alifanya kazi kwenye mstari wa kuunganisha magari. Akaendesha lebo vivyo hivyo. Waandishi chumba hiki, wapigaji chumba kile, mwimbaji anaingia mwisho, na kila wiki kikao cha kukagua ngoma kama kiwanda kinavyokagua milango ya gari. Ilifanya kazi, tusijidanganye, hit zilitoka kama mkate. Marvin Gaye alikuwa bidhaa safi ya kile kiwanda: sura nzuri, suti, nyimbo za mapenzi, "I Heard It Through the Grapevine" namba moja mwaka 1968. Na mdosi wake alikuwa pia shemeji yake, maana Marvin alikuwa amemwoa Anna, dada ya Gordy. Hebu fikiria kugombana na bosi halafu mkutane kwa chakula cha Jumapili.

Machi 1970 Tammi Terrell, aliyekuwa akiimba naye, alikufa kwa uvimbe wa ubongo akiwa na miaka 24. Marvin akajifungia. Akafuga ndevu, akaacha suti, akaamua ati anataka kucheza kandanda ya Kimarekani na timu ya Detroit Lions, akafanya mazoezi kweli. Ndugu yake Frankie alikuwa amerudi kutoka vita vya Vietnam na stori zisizolalika. Halafu Renaldo "Obie" Benson, wa kundi la Four Tops, alikuwa ameona polisi wakiwapiga vijana kule Berkeley, California, mwaka 1969, akaanza wimbo wa kuuliza kinachoendelea ni nini. Kundi lake halikuutaka, waliona ni wimbo wa maandamano. Akampelekea Marvin. Marvin akaongeza yake, na Juni 1970 akarekodi "What's Going On".

Gordy hakuitaka. Siasa, vita, polisi, hapana. Itaharibu jina la kijana wa mapenzi. Marvin naye akasema sawa, basi sirekodi kitu kingine chochote hadi hii itoke. Mgomo. Ulidumu miezi. Mwishowe Januari 1971 watu wa mauzo wakaitoa kama ngoma moja, na ikaenda namba moja kwenye chati ya soul na namba mbili kwenye chati kuu ya Marekani. Mdosi akabadilika mara moja: albamu iko wapi? Niletee kufikia mwisho wa Machi. Hiyo albamu, ambayo jarida la Rolling Stone mwaka 2020 liliiweka namba moja ya albamu zote za wakati wote, sehemu yake kubwa ilirekodiwa ndani ya siku kumi hivi za mwezi wa tatu.

Na imejaa vitu vilivyotokea kwa bahati. Ile saksafoni ya mwanzo? Eli Fontaine alikuwa anajipasha moto tu, Marvin akamwambia imetosha, nenda nyumbani. Zile sauti mbili za Marvin zinazoimbana zenyewe? Injinia alikuwa ameweka majaribio mawili ili achague moja, kwa bahati yakachezwa pamoja, na Marvin akapenda. Zile sauti za watu wakisalimiana mwanzoni ni wachezaji wawili wa Detroit Lions, Mel Farr na Lem Barney. Na ile besi ya James Jamerson kwenye ngoma ya kwanza, inasimuliwa kwamba Marvin alimtoa baa usiku, akashindwa kukaa wima kwenye kiti, akaipiga amelala chali sakafuni. Jamerson alikuwa amepiga besi kwenye hit za Motown karibu miaka kumi bila jina lake kuandikwa popote. Kwenye kava la What's Going On, wapigaji wa Motown waliandikwa majina yao kwa mara ya kwanza. Hicho kitu kidogo cha wino ndicho kinanifanya niiheshimu hii albamu zaidi ya mstari wowote ulioko ndani.

Nyimbo tisa, dakika 35, hazikatiki, moja inamwagikia kwa nyingine. Mwanajeshi amerudi nyumbani na anaangalia: hakuna kazi, dawa za kulevya, bahari imechafuliwa. Ya mwisho, "Inner City Blues", ni ya gharama ya maisha, kodi, na polisi wa kufyatua risasi ovyo. Aliyekuwa Nairobi Juni 2024 hahitaji mimi nimfafanulie. Niliiskiza ile wiki na sikuweza kuimaliza.

Kitu kingine cha Detroit kimeingia kwenye listi kwa siku chache tu, Julai 1971: Maggot Brain ya Funkadelic. Ngoma ya kwanza ni dakika kumi, na karibu zote ni gitaa la Eddie Hazel pekee. George Clinton alimwambia apige kama vile ameambiwa sasa hivi mama yake amekufa. Kisha Clinton akazima vyombo vingine karibu vyote wakati wa kuchanganya. Ukitaka kujua kama mtu anapenda roki kweli ama anapenda tisheti, mpe hiyo, taa zizimwe, umwangalie.

Zingine nazipitia mbio. Ram ya Paul na Linda McCartney, Mei, wahakiki waliitukana vibaya sana. Kosa lake kubwa lilikuwa si ya Beatles, na Paul alikuwa ndiyo kwanza amewapeleka wenzake kortini kuvunja ushirika. Leo kila bendi ya vijana wenye gitaa na ukulele inaiiga. Aqualung ya Jethro Tull, Machi, ina filimbi. Sina ubaya nayo. Na Osibisa, albamu ya kwanza yenye jina lao, kutoka London: Waghana Teddy Osei, Mac Tontoh na Sol Amarfio, pamoja na Mnigeria na vijana wa Karibea, wakipiga roki juu ya ngoma za Afrika Magharibi, kava lina ndovu wenye mabawa lililochorwa na Roger Dean. Walizoea kuambiwa muziki wa Kiafrika ni wa makumbusho. Watu wa London wakainunua. Sielewi kwa nini listi za 1971 zinazoandikwa leo zinawasahau kila mara. Ama naelewa.

Na mjini humohumo, mwanzoni mwa 1971, kijana mzaliwa wa Zanzibar anayeitwa Freddie na wenzake wawili walipata mpiga besi waliyekuwa wakimtafuta, John Deacon. Queen ikatimia. Hawakuwa na albamu, hawakuwa kwenye listi ya mtu yeyote, na wasingekuwa nayo hadi 1973. Nimewataja kwa sababu tu ni wa pwani yetu.

Zimebaki mbili, na zilirekodiwa jengo moja.

Studio za A&M, Hollywood, hapo zamani zilikuwa za filamu za Charlie Chaplin. Mwanzoni mwa 1971 Carole King alikuwa chumba kimoja akirekodi Tapestry, Joni Mitchell chumba kingine akirekodi Blue, na James Taylor akitembea katikati na gitaa lake, akisaidia kote kote. Inasimuliwa kwamba chumba cha Joni kilikuwa na piano moja nzuri ajabu ambayo Carole aliitamani, na siku moja nafasi ilipopatikana wakakimbia ndani, wakarekodi "I Feel the Earth Move" fasta, wakatoka.

Carole alikuwa ameolewa na Gerry Goffin akiwa na miaka 17. Mchana kutwa New York waliandika nyimbo za watu wengine. "Will You Love Me Tomorrow" wakawapa The Shirelles, ikawa namba moja 1961, kundi la kwanza la wasichana weusi kufika pale. "The Loco-Motion" wakampa Little Eva, aliyekuwa yaya wa mtoto wao, namba moja 1962. "A Natural Woman" ikaenda kwa Aretha Franklin. Wewe umeskiza kazi ya huyu mama maisha yako yote. Ndoa ikavunjika, akahamia California na mabinti wawili, na jukwaa alikuwa analiogopa. Tapestry ilitoka Februari 10 na kava ni yeye, miguu chuma, ameketi dirishani na paka wake. Ndani amezirudia nyimbo mbili kati ya zile alizogawa. Ile ya Shirelles ameipunguza mwendo sana. Shirelles waliuliza kama wasichana: je, kesho utanipenda? Carole anauliza akiwa na miaka 28 na talaka, na wanaomwitikia kwa nyuma ni Joni Mitchell na James Taylor. Ni swali lilelile lakini jibu unalijua.

Ilipanda pole pole. Juni 19 ikashika namba moja na ikakaa wiki 15, kwa hivyo hii Julai yetu ya kujifanya ndiyo iko juu kabisa. Kama ningekuwa nachagua albamu ya kumpa mtu aliyeachwa juzi, ni hii.

Lakini namba moja yangu ni Blue, iliyotoka Juni 22. Joni aliugua polio akiwa na miaka tisa, mkono wa kushoto ukabaki na udhaifu, kwa hivyo alifunga nyuzi za gitaa kwa namna zake mwenyewe ambazo vidole vyake vingeweza. Ndiyo maana gitaa lake halifanani na la mtu. Kwenye Blue hakuna pa kujificha: sauti, piano ama gitaa, mara nyingi basi. Kristofferson, yuleyule wa wimbo wa Janis, alipoiskiza alimwambia Joni ajibakishie kitu chake mwenyewe, asitoe vyote.

Hakujua. Hakuna aliyejua. Upande wa kwanza, ngoma ya tatu, ni "Little Green", wimbo mpole wa mtoto. Mhakiki wa Rolling Stone wakati huo alilalamika kwamba mafumbo yake hayaeleweki. Kumbe hapakuwa na fumbo. Februari 1965, Toronto, Joni, bila pesa na bila mume, alizaa mtoto wa kike na akamtoa alelewe na watu wengine. Hakusema hadharani. Aliimba tu, waziwazi, mbele ya kila mtu, kwenye mamilioni ya sebule, na watu wakaona ni ushairi. Habari ilikuja kutoka miaka ya tisini, na mwaka 1997 yule binti, mtu mzima sasa, alimpata mama yake.

Nusu ya pili ya 1971 nitaileta Desemba. Itaanza na Sly Stone, ambaye inasemekana aliibadilisha jina albamu yake mwezi wa kumi na moja ili amjibu Marvin Gaye.